Sura ya Saba: Mkanda wa Kijani

Krr. Krr. Krr.

Inspekta aliisikia sauti hiyo tangu akiwa ngazini, akadhani kuna mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo. Ikafuata sauti ya mwanamke akitukana kwa heshima, yaani bila kumgusa mzazi wa mtu. Alipousukuma mlango wa ofisi alimkuta Sajini amesimama katikati ya chumba, miguu ameipanua kama mtu anayeng'oa muhogo, mikononi amevaa glavu za mpira. Chupa ya plastiki alikuwa ameibana kwapani, na mkono wa pili ulikuwa ukizungusha kifuniko.

"Hii chupa ina kiburi, afande," alisema. "Inazunguka tu, haifunguki. Kama mume wa jirani yangu. Kelele nyingi, kazi hakuna."

"Kibonyeze kwanza, ndipo ukizungushe."

Sajini akabonyeza kwa kiganja, akazungusha. Kifuniko kikalegea. Akachungulia ndani, akanusa kwa mbali.

"Hamna kitu. Imeoshwa hata harufu hakuna."

Alikuwa ameitoa asubuhi hiyo kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba ya marehemu. Kitako chake kilikuwa kimetobolewa kwa msumari, kama lebo inavyoagiza: suuza mara tatu, maji ya kusuuzia yamimine kwenye bomba la kupulizia, kisha toboa chupa ili mtu asije akaitumia kuwekea maji ya kunywa. Wakulima kumi wakisoma maagizo hayo, tisa huyacheka. Marehemu ndiye aliyekuwa wa kumi. Kwa kuwa hakupuliza hata siku moja bila glavu na barakoa, watu walimpa jina la Glavu, na jina likamganda mpaka mkewe naye akalizoea.

Chini ya lebo ulipita mkanda mpana wa kijani.

Rangi hizo Inspekta alikuwa amezisoma usiku uliopita mpaka zikamwingia ndotoni. Mkanda mwekundu ni sumu kali mno. Wa manjano ni kali. Wa bluu ni wa kutahadhari. Wa kijani ndio mpole kuliko yote, na mtu akiutumia kwa akili timamu haumdhuru.

Lakini Glavu alikuwa ameanguka katikati ya kabichi zake, macho yakimtiririka machozi na mdomo ukimtoka povu, akakata roho kabla gari halijafika hospitali. Daktari aliandika kwamba alikufa kwa dawa ya wadudu ya kundi la mkanda mwekundu. Mchana wa siku hiyo hiyo alikuwa amekunywa chai kwa mama yake, pamoja na kaka yake mkubwa. Ndugu hao walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya zamu za maji ya mfereji, na mama ndiye aliyewaita ili awapatanishe. Polisi walipopekua stoo ya yule kaka, wakakuta chupa ya mkanda mwekundu, imebaki nusu. Kaka akalala mahabusu.

Mkuu wa kituo alichungulia mlangoni, kofia mkononi.

"Gari la mahakamani linaondoka baada ya chakula cha mchana. Nataka jalada mezani kwangu."

"Bado kuna jambo halijakaa sawa, mkuu."

"Jambo gani? Kijani haiui, nyekundu inaua. Nyekundu iko kwa kaka, na kaka alikuwa kwenye chai. Unataka nini zaidi, shairi?"

Akaenda zake. Sajini akasubiri hatua zipotee kwenye korido, kisha akasema, "Mama yao yuko pale nje kwenye benchi. Amekuja na chupa ya chai na nguo safi za huyu wa ndani. Hajamwomba mtu yeyote chochote. Amekaa tu."

"Mlete kaka."

* * *

Alikuwa mtu wa mabega mapana na mikono iliyopasuka kwa udongo. Aliketi kwenye kiti cha mbao, kiti kikalalamika. Inspekta aliiweka chupa ya mkanda mwekundu mezani, ndani ya mfuko wa nailoni.

"Umekula?"

"Mama ameleta. Haipiti."

"Hii ni yako?"

"Yangu."

"Umeinunua wapi?"

Yule bwana akaangalia dirisha. Inspekta akamwacha aliangalie mpaka alipolichoka.

"Kwa Dozi, duka la pembejeo," alisema mwishowe. "Chini ya meza."

"Kwa nini chini ya meza?"

"Afisa kilimo alimpiga marufuku kuuza nyekundu. Hana kibali. Lakini ukimwinamia sikioni anakutolea."

"Dukani kumejaa za rangi nyingine. Ukaitaka hiyo hiyo?"

"Afande, mkulima akisema dawa anasema nyekundu. Hizo nyingine ni za kuogeshea wadudu."

"Mdogo wako hakuwa na mawazo hayo."

"Huyo alikuwa Glavu." Akatabasamu, kisha akalirudisha tabasamu haraka kama aliyelikopa. "Nilikuwa namcheka mbele za watu. Nilimwambia, kabichi zako zitaliwa mpaka mizizi, na wewe umesimama pembeni umevaa glavu kama bibi harusi."

"Na zililiwa?"

Kwa mara ya kwanza alimtazama Inspekta usoni.

"Hapana. Ndiyo ajabu yake. Alinunua chupa mpya ya kijani, akapuliza mara moja tu, kesho yake viwavi wametapakaa chini. Mimi mwenye nyekundu yangu ndiye niliyeliwa. Nenda shambani kwangu ukaone, majani yamebaki nyavu." Akaisukuma chupa kwa kidole. "Ningetaka kumwua mtu, afande, nisingetumia takataka hii. Viwavi wangu wananenepa nayo. Nikipita wananisalimia."

"Mlikunywa chai pamoja?"

"Birika moja, afande. Mama alimimina, sisi tukanywa. Hatukusemezana neno. Alipomaliza aliinuka, akasema anakwenda kumalizia kupuliza. Nikamjibu, haya, nenda, bibi harusi." Akasugua nyufa za kiganja chake. "Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake."

Inspekta alivaa glavu, akaitoa chupa kwenye mfuko na kuishika kwa mkono mmoja. Kwa vidole viwili vya mkono huo huo akakizungusha kifuniko. Kikafunguka bila sauti. Akakifunga, akakifungua tena. Hakukuwa na krr, wala hakikuhitaji kubonyezwa.

"Sajini! Hebu lete ile chupa yako yenye kiburi."

Chupa mbili zikasimama mezani bega kwa bega. Kiwanda kilikuwa kimoja na umbo moja, hata urefu haukupishana. Tofauti ilikuwa rangi ya mkanda na kile kifuniko. Inspekta alipitisha ukucha kwenye kona ya lebo nyekundu. Kona ilikuwa imeinuka, na gundi chini yake ilikuwa nyeupe na ya mabonge, gundi ya kubandikia bahasha. Akapitisha ukucha kwenye ile ya kijani. Gundi ilikuwa hiyo hiyo.

"Sajini, nikuulize. Una stoo mbili. Moja ina magunia matupu, nyingine ina bunduki. Kufuli unayo moja. Utafunga ipi?"

"Ya bunduki, afande. Magunia nani ana haja nayo?"

"Basi kiwanda hiki kimefanya kinyume. Kifuniko cha kuwashinda watoto kimewekwa kwenye dawa pole, na dawa kali imeachwa wazi kama chupa ya soda."

Sajini alizitazama zile chupa, halafu akamtazama yule kaka, kisha akarudi tena kwenye chupa.

"Lebo zimehama," alisema polepole.

"Zimehama. Na kila mkanda mwekundu uliohama umeacha chupa yake uchi mahali. Chupa uchi haiuziki. Lazima ivishwe." Inspekta akavua glavu. "Mke wa marehemu alikueleza nini kuhusu siku ile?"

"Kwamba mara ya kwanza alivaa kila kitu. Mara ya pili jua lilikuwa kali na bomba lilikuwa linavuja mgongoni. Akavua barakoa, akavua na glavu. Mkewe akamgombeza. Akamjibu, mama watoto, hii ni ya kijani, hata nikiioga."

Kiti cha mbao kililalamika tena. Yule kaka alikuwa amejiinamia, paji la uso limegusa meza, na hakuinuka mpaka askari alipokuja kumrudisha ndani.

* * *

Duka la pembejeo lilikuwa kwenye kona, karibu na fundi baiskeli. Harufu yake ilimpokea mtu kabla ya kizingiti: mbolea, magunia mapya, na kitu kikali kinachokwaruza koo. Mwenye duka alivaa koti jeupe la daktari. Kila aliyeingia na shida, iwe ya kuku au ya nyanya, alimuuliza kwanza, "Dozi gani?" Jina likatokea hapo. Mkewe alikuwa upande wa pili akipima mbegu za mchicha kwa kijiko, kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuzungumziwa juu ya kichwa chake.

"Karibu sana, afande! Nimesikia mambo ya Glavu. Inasikitisha. Alikuwa mteja wangu mzuri yule."

"Nimekuja kununua," alisema Inspekta, Sajini amesimama nyuma yake. "Nina mimea kidogo nyumbani. Mke wangu hataki sumu kali. Nipe kijani."

"Dozi gani?"

"Nizione kwanza."

Rafu ya ukutani ilikuwa na safu ya chupa za kijani, zimepangwa vizuri kama wanafunzi mstarini. Dozi aliinua mkono kuelekea upande wa kulia. Inspekta alikuwa amekwishazunguka kaunta. Alichukua moja ya kulia, na moja ya mwisho kabisa kushoto, akarudi upande wa wateja na kuzisimamisha juu ya kaunta. Ya kulia aliifungua kwa vidole viwili.

"Hii haina madhara?"

"Ya kijani hiyo! Hata ukinawia uso."

"Kweli?" Inspekta akakunja mkono wa shati, akakinga kiganja kitupu, akadondosha matone machache.

Dozi akacheka. "Umeona? Ingekuwa nyekundu hapo tungekwishaita gari la wagonjwa."

Inspekta alijifuta kwa kitambaa, akaivuta ya kushoto. Akashika kifuniko, akazungusha.

Krr.

Dozi akaacha kucheka.

Inspekta akakibonyeza kifuniko, akakizungusha, kikalegea. Akakinga tena kiganja kile kile kitupu, akaanza kuinamisha chupa.

"Acha!"

Koti jeupe lilipita juu ya kaunta. Kopo la mbegu likaanguka, na mchicha ukamwagika sakafuni kama mchanga mweusi. Dozi alikuwa ameukamata mkono wa Inspekta kwa mikono yake miwili.

"Si hiyo, afande! Si hiyo!"

"Zote mbili kijani," alisema Inspekta. "Lebo moja, maandishi yale yale. Wewe umeonaje tofauti?"

Nje, fundi baiskeli alikuwa akigonga rimu. Sajini aliichukua chupa ile mkononi mwa Inspekta, akaifunga, akaiweka mbali.

"Uliona kifuniko," Inspekta aliendelea. "Kwa sababu lebo ulizibandika mwenyewe, hukuweza kuziamini. Ukawa unazijua kwa kifuniko."

Dozi aliketi juu ya gunia. Maneno yalimtoka kwanza kwa vipande, kisha kwa mfululizo. Alikuwa na katoni ya nyekundu alipokataliwa kibali. Kuzirudisha ni hasara, kuzificha nyumbani anaogopa upekuzi. Akaona pa kuzificha ni pale pale rafuni, mbele ya macho ya afisa kilimo. Akabandua lebo za kijani kutoka kwenye chupa za dawa pole, akazibandika kwenye zile kali. Chupa za dawa pole zilizobaki uchi nazo akaona uchungu kuzitupa. Akazivisha lebo nyekundu, akawa anawauzia chini ya meza wale wasiotaka rangi nyingine.

"Na zile kali?"

"Zilikuwa za wateja wangu maalumu, wenye mashamba makubwa. Mimi mwenyewe tu ndiye ningeziuza. Upande wa kushoto, kifuniko kigumu. Sikumuuzia Glavu, afande. Naapa. Mimi sikumuuzia."

"Nilimuuzia mimi," alisema mkewe.

Alikuwa bado ameshika kijiko.

"Ulikuwa umekwenda sokoni. Aliniuliza mara mbili kama ni ya kijani kweli. Nikamwonyesha mkanda. Nikamwambia, Glavu kaka yangu, macho unayo, si unaona?" Akamgeukia mumewe. Hakupaza sauti. "Nimelala na wewe chumba kimoja miaka yote hii, ukashindwa kuniambia upande wa kushoto usiguswe?"

"Nilijua utakataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

"Mama," Inspekta alisema, "kuna mwingine uliyemuuzia kutoka upande huo? Fikiri vizuri."

Mwanamke alifumba macho. Midomo yake ilisogea kidogo kidogo, kama anayezitembelea nyuso za wateja mmoja baada ya mwingine.

"Mwalimu wa chekechea," alisema. "Wana bustani ya watoto. Alisema anataka kitu ambacho watoto wakigusa..."

Hakumaliza. Sajini alikuwa amekwishatoka, na pikipiki ilikuwa inaunguruma.

Inspekta alimfunga Dozi pingu. Akazitoa chupa za rafuni moja moja, akajaribu kila kifuniko na kuzitenga kwa makundi. Alifanya kazi hiyo akiitazama simu kila anapoinua chupa. Ilipolia aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Iko kabatini, afande," alisema Sajini, akihema. Nyuma yake watoto walikuwa wanaimba herufi. "Imejaa mpaka shingoni. Wamejaribu kuifungua wote, mwalimu, mpishi, mpaka mlinzi na meno yake. Imewashinda. Walikuwa wanakuja kesho kuirudisha dukani."

Inspekta aliegemea rafu tupu.

"Iache na kiburi chake hivyo hivyo," alisema. "Iletwe kituoni kama ilivyo."

* * *

Gari la mahakamani lilikuwa limewashwa uani. Kaka wa marehemu alikuwa ameketi nyuma, mikono imefungwa mbele, na Mkuu wa kituo alikuwa anakagua saa yake. Inspekta alimpita, akaigeuza boneti ya gari lake mwenyewe kuwa meza, akapanga juu yake chupa tatu na maelezo ya Dozi yenye saini. Hakueleza mengi. Alimpa Mkuu chupa nyekundu.

"Ifungue."

Mkuu akaifungua.

"Sasa hii ya kijani."

Krr. Krr. Mkuu akakunja uso, akazungusha kwa nguvu zaidi. Krr. Akasoma maelezo mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena. Kisha akamwashiria dereva azime gari.

"Mahakamani haendi," alisema.

"Na nyumbani?"

"Maabara haijazungumza. Mpaka izungumze, huyu ni mtuhumiwa wangu. Hatoki."

"Wanazika kesho, mkuu."

"Nimesikia."

"Ni mdogo wake."

"Nimesema nimesikia!" Mkuu akavua kofia, akapangusa jasho kichwani, akaivaa tena. "Akienda huko mazikoni anakwenda juu ya shingo yako. Akipotea, usirudi na hadithi. Rudi na barua ya kuacha kazi."

"Shingo ninayo."

Mkuu akamtazama, akatikisa kichwa, akaingia ndani bila kusema ndiyo wala hapana. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa ndiyo.

Mama alikuwa bado kwenye benchi. Alikuwa mwembamba, ameketi wima, chupa ya chai ameiweka miguuni mbali kidogo naye. Inspekta alichuchumaa mbele yake ili asimzungumzishe kwa juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama machoni. "Nikuulize kitu, na usinifiche kwa sababu ya mvi zangu. Nilipika mwenyewe. Nilimimina mwenyewe. Ni chai yangu iliyomuua?"

"Hapana, mama."

"Nani alitia kitu?"

"Hakuna aliyetia kitu kwenye chai. Ni dawa ya shambani. Aliuziwa kali iliyovikwa lebo ya ile pole. Mkubwa wako hakuhusika. Chai ilikuwa chai."

Mama alitikisa kichwa mara nyingi, taratibu. Aliinama, akaiokota ile chupa ya chai, akaipakata.

"Waliniita jioni wakaniambia mmoja amekufa," alisema. "Kesho yake wakaniita, wakaniambia mwingine ndiye aliyemuua. Watu wanakuja nyumbani kwangu kunipa pole, na mimi sijui wananipa pole ya yupi. Majirani wanataka tuzike, kaburi tayari wamechimba. Nimewaambia simziki mmoja huku mwingine amefungwa. Watanishinda, mwanangu. Kesho watanishinda."

Kwenye dirisha la gari yule kaka alikuwa ameubandika uso kwenye nyavu, anamwangalia mama yake. Inspekta aliinuka. Aliisema kwa sauti ya kusikika uani kote, wasikie dereva, askari wa zamu na Mkuu ndani ya dirisha lake, ili asipate pa kurudi nyuma.

"Hawatakushinda. Kesho nitamleta mimi mwenyewe, kwa gari langu, na atashuka mlangoni kwako bila pingu. Jeneza halitaondoka kabla hajafika, na konzi ya kwanza ya udongo itatoka mkononi mwake. Nakuahidi, mama."